Kulinda watoto bila kufunga midomo yetu

Maneno yaliyosemwa na mwanaharakati mmoja wa harakati yetu mbele ya vijana wa Makiso, Mangobo, Tshopo na Lubunga, mjini Kisangani. Tunayaweka hapa kama yalivyosemwa, juu wengi ambao hawakuweza kufika wameyaomba.

Ninyi mliovuka mto kutoka Lubunga, asanteni mara mbili. Najua pirogi ya kurudi haingojei mtu, basi nitajaribu kutokuwa murefu.

Mnajua sababu ya kuitana leo. Mama mmoja wa Mangobo alikuja kwenye mkutano wetu uliopita. Ana mtoto wa miaka 11. Siku moja alimtuma akajaze betri ya simu kwa yule kijana wa jenereta, juu umeme ulikuwa umekatika tangu siku mbili. Kijana huyo, kama wengi mnaowajua, ana ordinateri: unalipa franka, anakuwekea nyimbo na filamu kwenye karte memwari. Mtoto alirudi na betri imejaa. Usiku mama akamkuta chini ya blanketi, simu inawaka. Alichokiona humo ni filamu ambazo hata sisi wakubwa tunaziangalia mlango ukiwa umefungwa.

Mama akatuambia: «Ninyi munapiga kelele juu ya maji, juu ya umeme, juu ya barabara. Na hii ya batoto betu, munanyamaza?»

Hakuna aliyejibu. Kisha siku tatu, wandugu fulani kati yetu wakaandika barua. Iko hapa mezani. Inaomba madepite wetu walete sheria: kila mtu aonyeshe karte yake mbele ya kufungua saiti za filamu za wakubwa, na kampuni za simu zifunge kila saiti au mtandao «unaoharibu maadili». Barua inangoja saini. Mimi nilishika kalamu, nikaiweka chini. Nimeombwa nieleze sababu, na ninajua wengine wenu tayari mnasema: «Huyu anatetea porno.» Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtahukumu.

Nianze na hili: mama ana haki. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Kifungu cha 42 kinaipa serkali kazi ya kulinda vijana, afya yao, masomo yao na kukua kwao. Toka tarehe 10 Januari 2009 tuko na sheria nzima ya kulinda mtoto, na inaadhibu anayetengeneza au kusambaza picha za ngono za watoto. Mtu asije kutuambia hapa kwamba uhuru wa kusema ni uhuru wa kumwonyesha mtoto wa miaka 11 vitu vile. Hatubishani juu ya hiyo.

Tunabishana juu ya dawa. Tuiangalie pale ambapo imekwisha kunywewa.

Huko Texas, Marekani, sheria inasema saiti ambayo zaidi ya theluthi moja ya vitu vyake si vya watoto lazima ihakikishe umri wa kila anayeingia. Wenye saiti walienda mahakamani wakisema inavunja uhuru wa kusema. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 6 kwa 3, ikaiacha sheria isimame. Uingereza ilianza tarehe 25 Julai 2025: unapiga picha uso wako, au unatuma karte, au unatumia benki. Ufaransa nayo ina sheria ya Mei 2024, na Juni 2025 Pornhub wakaamua kujifungia wenyewe huko kuliko kukubali. Kwa hiyo si wazimu. Ni nchi zenye mahakama zinazofanya kazi, na huko pia watu wanabishana mpaka leo.

Lakini tazameni vitu viwili vilivyotokea. Cha kwanza: Uingereza, siku zile zile za mwanzo, programu za VPN zikapanda juu kabisa kati ya zile watu wanazopakua. Kijana anayejua simu anaruka ukuta kwa dakika mbili. Cha pili: Oktoba 2025, kampuni ya Discord ikatangaza kwamba picha za vitambulisho za watu karibu 70,000 huenda zimeibwa kwa mfanyakazi wao wa nje. Wengi wa hao walikuwa wametuma kitambulisho ili wathibitishe umri wao tu. Walitii sheria, na sura zao na karte zao ziko mikononi mwa wezi.

Sasa tulete dawa hiyo hapa Kisangani. Ninauliza maswali matatu.

Swali la kwanza: je, itamfikia yule mtoto wa Mangobo? Yeye hakufungua saiti yoyote. Hakuwa hata na mega. Filamu ilitoka kwenye ordinateri, ikaingia kwenye karte memwari, kwa franka. Wengine wanaipata kwa WhatsApp, kwenye grupe. Wengine kwenye nyumba za video, pale ambapo mchana wanapiga filamu za vita na usiku wanabadilisha, na watoto wamekaa mbele kwenye mabenchi. Kadena ya Texas iko kwenye mlango wa saiti. Mtoto wetu anapita dirishani.

Swali la pili: itamwacha nani nje? Tuonyeshe karte gani, wandugu? Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984. Karte ya utambulisho ya kitaifa, Rais Tshisekedi alipewa ya kwanza tarehe 30 Juni 2023, na sisi tunaendelea kuisikia kwa redio. Tunachobeba mfukoni ni karte ya uchaguzi. Na karte za 2023, mnazijua: toeni zenu muangalie. Picha imefutika, jina linasomeka nusu. Mwanafunzi wa iniversite wa miaka 24 atashindwa kuthibitisha kwamba ni mkubwa, na mtoto wa miaka 15 atatumia karte ya papa yake. Tutakuwa tumemzuia mkubwa na kumfungulia mtoto.

Swali la tatu ndilo lililoniwekesha kalamu chini: nani atashika ufunguo?

Kifungu cha 23 cha Katiba kinatupa uhuru wa kusema, kwa neno, kwa maandiko na kwa picha. Lakini mwisho wake kinaacha mlango: uhuru huo unaheshimu sheria, amani ya watu na maadili mema. Ni mlango wa haki, kila nchi iko nao. Shida ni wanaoupitia. Na kwetu, neno «maadili» lina historia ndefu.

Waulizeni wazee wenu. Mwaka wa 1978 Franco Luambo, mkubwa wa OK Jazz, alitiwa gerezani pamoja na wanamuziki wake juu ya nyimbo mbili zilizosemwa ni za aibu. Nyimbo zenyewe zilikuwa chafu kweli, sitazitetea. Lakini ilikuwa wakati wa Mobutu, wakati ambapo nchi nzima ilikuwa inaibwa, na aliyefungwa juu ya maadili ni mwimbaji.

Mwaka wa 1996 ikatengenezwa komisyo ya kukagua nyimbo na michezo. Kazi yake, tuliambiwa, ni kulinda maadili. Sasa rukeni mpaka Novemba 2021. Komisyo ile ile ikakataza redio na televisheni kupiga wimbo wa kundi la MPR, ule unaohesabu ahadi za watawala wote tangu uhuru na taabu ya watu, na wimbo wa Bob Elvis uliokuwa barua kwa Rais. Mle hakukuwa na uchi. Kulikuwa na njaa na ukosefu wa kazi. Watu wakapiga kelele, na kisha siku chache wimbo wa MPR ukafunguliwa. Mnaona njia yenyewe? Chombo kilichoundwa juu ya aibu ya mwili kilikamata aibu ya serkali.

Si kwetu peke yake. Uganda, Februari 2014, Rais Museveni aliweka saini sheria ya kupinga ponografia. Maneno yake yalikuwa mapana hata watu wakaielewa kuwa sheria ya minisketi. Makundi ya wanaume wakaanza kuwavua na kuwapiga wanawake barabarani mjini Kampala, wakisema wanafuata sheria. Wanawake wale hawakuwa kwenye filamu yoyote, walikuwa wanaenda kazini. Ilichukua zaidi ya miaka saba: Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ikafuta vifungu vikubwa vya sheria hiyo, ikisema havieleweki na vinavunja Katiba. Katikati ya miaka hiyo, mwalimu wa iniversite Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18, Agosti 2019, kwa sheria nyingine ya mitandao, juu ya shairi lake la Facebook lililomtukana Rais kwa maneno ya mwili. Februari 2020 mahakama ya juu ikafuta hukumu, lakini gereza alikuwa amekwisha kulila.

Na Tanzania, jirani yetu wa ziwa, Mei 2025. Mtandao wa X ukafungwa. Akaunti ya polisi yenyewe ilikuwa imevamiwa na kuwekwa mambo machafu na habari za uongo. Waziri wa habari akaeleza kwamba X inaruhusu picha za ngono, jambo ambalo ni kweli: tangu 2024 kanuni zao zinaruhusu. Lakini angalieni kalenda. Wiki ile ile kesi ya Tundu Lissu ilikuwa mahakamani Dar es Salaam, na wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliokuja kuifuata walikamatwa. Ilibaki miezi mitano tu mpaka uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba. Siku ya uchaguzi, intaneti nzima ikakatwa. Sababu ya kwanza ilikuwa ngono. Mwisho wa safari, hakuna aliyeweza hata kumtumia mama yake ujumbe kwamba yuko mzima.

Sasa mtu ataniambia: kwetu hawawezi. Wandugu! Tarehe 31 Desemba 2018, kisha kupiga kura, walikata intaneti karibu siku 20, na hawakutafuta hata kisingizio cha porno. Mwanzoni mwa Februari 2025, kisha Goma kuanguka, X na TikTok zikawa hazifunguki bila VPN. Na RAM mmeisahau? Septemba 2020 walituambia ni juu ya kutulinda na simu za bandia. Tukaona inite zetu zinakatika zenyewe. Ilihitaji kelele nyingi mpaka ikaondolewa 2022. Kila mara mlango ni ule ule: «tunawalinda».

Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na Kode ya dijitali. Kifungu chake cha 360 kinasema anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao anaweza kufungwa mwezi mmoja mpaka sita. Sheria hiyo ilikuwa kati ya zile zilizotumiwa dhidi ya Stanis Bujakera. Alikamatwa Septemba 2023, akahukumiwa miezi sita Machi 2024, akatoka siku iliyofuata juu alikuwa amekwisha kukaa ndani zaidi ya muda huo. Fikirini sasa tuwape watu hao hao daftari inayoonyesha nani, kwa karte gani, saa ngapi, aliangalia nini usiku. Siku utakaposimama mbele ya ofisi ya gavana na bango lako juu ya maji, hawatakujibu juu ya maji. Watakuonyesha ukurasa wako wa ile daftari, na utanyamaza. Mimi pia ningenyamaza.

Lakini nikiishia hapa, mama wa Mangobo ataondoka kama alivyokuja. Kwa hiyo niseme jambo ambalo ni gumu kwangu.

Mnamjua dada mmoja, mwanafunzi. Sitasema jina wala mtaa. Alikuwa na miaka 17. Kijana waliyeachana naye alitupa video yake kwenye WhatsApp. Kwa siku mbili mji ulikuwa nayo. Alienda na mama yake kushitaki, kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Swali la kwanza aliloulizwa: «Weye mwenyewe njo ulijipiga picha?» La pili ilikuwa pesa ya karatasi. Mama hakuwa nayo. Walirudi nyumbani kwa toleka, dada mbele, mama kwenye baiskeli ya nyuma, na vijana kando ya barabara wakimwita kwa jina. Leo haishi tena Kisangani.

Sheria ilikuwepo. Alikuwa mtoto mbele ya sheria ya 2009. Kila aliyesambaza ile video alisambaza picha ya ngono ya mtoto. Hakuna hata mmoja aliyeitwa. Sasa niambieni, ile kadena ya karte kwenye saiti za nje ingemsaidia nini? Video yake haikuwa kwenye saiti. Ilikuwa kwenye mifuko yetu.

Ndiyo, yetu. Mimi ilinifikia. Ilikuja kwenye grupe ya vijana wa mtaa. Sikuituma kwa mtu. Niliifuta. Lakini sikuandika neno hata moja pale ndani. Nisingekamatwa, nisingepigwa, ilikuwa tu kuandika: «Huyu ni mtoto, acheni.» Nilinyamaza juu niliogopa wangenicheka. Sisi tunaosimama mbele ya polisi bila kuogopa, tuliogopa kuchekwa kwenye WhatsApp. Uhuru wa kusema tulikuwa nao usiku ule, mzima, na hatukuutumia.

Kwa hiyo siombi tuichane barua. Ninaomba tuiandike upya, na iombe vitu ambavyo vitamfikia mtoto.

Kwanza, sheria ya 2009 itumike. Anayesambaza picha za ngono za mtoto, na anayetupa picha za siri za mtu bila ruhusa yake, aitwe mbele ya prokurere. Mushitaki apokelewe bure, asikilizwe na mwanamke kama anataka, na asiulizwe kwanza kwa nini alijipiga picha.

Pili, komini zifanye kazi yao. Nyumba za video zinajulikana, ziko kwenye avenyu zetu, zinalipa kodi. Usiku wa filamu za wakubwa, mtoto asiingie. Mwenye kuweka filamu kwenye karte memwari asimwuzie mtoto. Hii haiombi satelaiti. Inaomba mkubwa mmoja asimame mlangoni, amtazame mtoto machoni.

Tatu, shule. Somo la elimu ya maisha lifundishwe kweli, na wazazi waitwe. Mtoto ambaye hakuna aliyezungumza naye anafundishwa na karte memwari.

Nne, kama siku moja sheria ya kuthibitisha umri itakuja kwetu, tuseme leo masharti yetu. Nakala ya karte au ya uso wa mtu isihifadhiwe popote. Saiti ifungwe na jaji peke yake, kwa hukumu inayosomwa mbele ya watu na inayoweza kukatiwa rufaa, si kwa simu ya waziri. Mtandao mzima usifungwe kamwe juu ya ukurasa mmoja. Na sheria iandike wazi inakataza nini na kwa nani. Neno «maadili» peke yake tusilikubali, juu neno hilo linanyooshwa kama mpira mpaka linafika kwenye wimbo wa njaa.

Na tano, hii si ya serkali, ni yetu. Kuanzia leo, ndani ya harakati, ambaye picha ya mtoto au ya siri za mtu inamfikia ana kazi tatu: asiitume, aseme pale pale kwenye grupe kwamba ni makosa, na aende kwa mwenyewe kumuuliza kama anahitaji mtu wa kumsindikiza kushitaki. Anayeshindwa hiyo asivae tishati yetu.

Mama, ninakuona umekaa pale nyuma. Ulituuliza kwa nini tunanyamaza. Hatukuwa na jibu siku ile juu kweli tulikuwa tunanyamaza. Barua hii mpya tutaileta kwako kwanza, kabla ya depite na kabla ya gavana. Uisome, ukate kile ambacho si kweli, uongeze kile tulichosahau. Kisha uweke saini yako juu, na yangu itakuwa chini yake.

Wa Lubunga, kimbieni, pirogi inaondoka.